Kumbukumbu za Umma Haziwekwi Mahali Pamoja

Mwaka juzi mzee mmoja alibisha hodi ofisini kwangu baada ya kusafiri usiku kucha kwa basi. Aliomba nakala ya utafiti ambao wanafunzi wangu waliufanya kijijini kwake. Ndani yake mlikuwa na ramani ya mipaka, iliyochorwa pamoja na wazee ambao sasa ni marehemu, na shauri lake la ardhi lilikuwa karibu kusikilizwa. "Mwanangu," alisema, "mlituambia mmeiweka kwenye kompyuta."

Ni kweli, tuliiweka. Nilishindwa kumtazama usoni.

Miezi michache kabla ya hapo, umeme ulikatika na kurudi kwa kishindo. Kompyuta yetu ilikuwa imechomekwa moja kwa moja ukutani. Diski ngumu ikaanza kugonga, nami kwa kutojua nikaizima na kuiwasha mara kadhaa, nikidhani itatulia. Fundi aliniambia baadaye kwamba kila nilipoiwasha nilizidi kuiharibu. Diski inayogonga huzimwa mara moja na kupelekwa kwa mtaalamu.

Nikajipa moyo kwamba tovuti ipo. Haikuwapo. Jina la kikoa lilisajiliwa na mwanafunzi aliyejitolea, kwa baruapepe yake binafsi. Alihitimu, akaondoka, na vikumbusho vya malipo vikaenda kwenye anwani asiyoifungua tena. Muda wa jina ukaisha, na mafaili kwenye seva ya kukodi yakafutwa. Katika hifadhi ya Internet Archive, shirika lililoanzishwa Marekani mwaka 1996, nilikuta ukurasa wetu wa mbele na vichwa vya taarifa. Taarifa zenyewe hazikuwamo.

Ndugu msomaji, hasara hii haikutokana na uhaba wa fedha peke yake. Tulikuwa na mazoea ya kukabidhi mali ya umma kwa mtu mmoja na chombo kimoja. Hata wenye uwezo huangukia hapo: tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la seva za kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, na wateja wasiokuwa na nakala kwingine walipoteza data zao.

Tangu siku ile nafuata kanuni chache, nami nazitoa kwa yeyote anayetunza kompyuta au tovuti ya ofisi, chama au kikundi.

Kwanza, weka nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, na moja iwe nje ya jengo. Kisha jaribu kuzifungua. Nakala isiyowahi kufunguliwa ni matumaini tu.

Pili, sajili kikoa kwa jina la taasisi na kwa baruapepe ya ofisi, na watu wawili wajue nywila. Tarehe ya malipo iandikwe kwenye kalenda ya ukutani.

Tatu, kompyuta yenye kumbukumbu iwe na UPS. Kazi yake ni kukupa dakika chache za kuhifadhi na kuzima kwa utaratibu. Betri yake nayo huchoka, hivyo ikaguliwe.

Nne, usiitupe mashine kabla ya kuichunguza. Kompyuta inayorudisha tarehe nyuma kila inapozimwa, kisha ikagoma kufungua tovuti salama, mara nyingi inadai betri ndogo ya volti 3, aina ya CR2032, iliyo kwenye ubao mama. Inayopata joto na kujizima huenda imejaa vumbi tu. Ipulize ukiwa umeizuia feni isizunguke. Nimeona mashine za namna hiyo zikiorodheshwa kuwa chakavu, na fedha za umma zikaombwa kununua mpya.

Kwa msaada wa wahitimu waliokuwa bado na flashi zao za zamani, tumerejesha sehemu kubwa ya taarifa zetu. Ramani ya mzee yule haimo. Shauri lake lilisikilizwa bila ramani hiyo, naye hakurudi tena ofisini kwangu.

Kila Januari wanafunzi wangu huchagua faili moja bila kunitaarifu na kunitaka nilifungue kutoka kwenye nakala. Wao huona ni zoezi. Mimi kila mara nausikia mlango ukibishwa hodi.