Kutoka Ngonjera hadi Tendaguru: Jukwaa la Watoto wa Rutamba

Mwaka 1998 kampuni ya uchapishaji ya E&D ya Dar es Salaam ilitoa kitabu cha watoto kiitwacho Dinosaria wa Tendaguru. Waliokiandika ni Cassian Magori na Charles Saanane, wasomi wa Kitanzania, na michoro ni ya Mjerumani Thomas Thiemeyer. Mtoto wa Arusha au Mwanza aliyekipata alipata kitabu kizuri kuhusu wanyama wa kale. Mtu aliyekulia Rutamba alipokiona alilisoma jalada mara mbili, maana Tendaguru ni kilima cha mkoa wake, Lindi, na katika utoto wake wote hakuwahi kushika kitabu cha watoto cha Kiswahili chenye jina la mahali pa kwao. Mtu huyo ndiye mwandishi wa kumbukumbu hizi, mwalimu wa shule ya msingi.

Alipokuwa mdogo, mwanzoni mwa miaka ya 1970, habari za wanyama na misitu zilikuwa kwa bibi. Zilitoka usiku, baada ya chakula, kwa sababu wazee walikataza hadithi za mchana. Bibi aliita "Paukwa!" na wajukuu wakaitikia "Pakawa!", kisha sungura, fisi na kobe wakaanza mambo yao katika Kiswahili kilichochanganyika na Kimwera. Katikati ya hadithi bibi alipenyeza yale aliyotaka yakae vichwani: kichaka fulani hakikatwi kwa sababu ni cha matambiko, maji ya ziwa yana adabu yake, mti fulani ukiukata utajibu. Watoto waliitikia na kucheka. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Kumuuliza bibi sababu ya mwiko ilikuwa utovu wa adabu, na msitu ulilindwa kwa hofu hiyo hiyo.

Rutamba ilikuwa pia na jambo ambalo vijiji vingi vya pwani ya Lindi havikuwa nalo. Baada ya FRELIMO kuanza vita vya ukombozi mwezi Septemba 1964, wakimbizi wa Msumbiji walipewa makazi hapo, wakihudumiwa na Umoja wa Mataifa pamoja na shirika la Kikristo la TCRS. Wamakonde waliokuwa miongoni mwao walikuja na mapiko, ngoma yao ya vinyago. Mchezaji amefunikwa kinyago cha mti kichwani na nguo mwili mzima, ngoma zinamwita, anakuja mbio kisha anasita, watoto wanakimbia wakipiga kelele na kurudi tena. Aliyemo ndani hatakiwi kujulikana na wasiotoka jandoni. Kwa mwandishi huyu hilo ndilo lililokuwa jukwaa la kwanza maishani, na hadi leo anaamini kwamba mtoto aliyeona mapiko hahitaji kufundishwa kwamba mtu anaweza kuvaa umbo la kiumbe kingine na kuwafanya watazamaji waamini. Wengi wa wakimbizi walirudi kwao baada ya Msumbiji kupata uhuru mwezi Juni 1975.

Shuleni mambo yalikuwa mengine. Huko palikuwa na ngonjera.

Mathias Mnyampala, mshairi wa Ugogo aliyefariki mwaka 1969, ndiye aliyeipa ngonjera umaarufu kama chombo cha kufundishia siasa ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Utaratibu wake kila aliyesoma enzi hizo anaujua: wawili wanabishana kwa mashairi, mmoja hajui na mwingine anajua, na mwisho asiyejua anakubali. Katika miaka ya 1970 ilisikika kila penye mgeni rasmi. Kampeni za redio nazo zilileta mada mpya: Mtu ni Afya mwaka 1973, Chakula ni Uhai mwaka 1975, na baadaye Misitu ni Mali. Mwalimu aliandika beti, watoto wakakariri kwa wiki kadhaa chini ya mwembe, na siku ya siku ikafika wakiwa wamepaka mafuta miguuni na kufua sare.

Mwandishi anaikumbuka ngonjera moja ya kupanda miti. Yeye alipewa sehemu ya asiyejua. Wakati wa mazoezi alimwendea mwalimu. "Shikamoo mwalimu. Na magogo yale yanayoteremka kutoka Rondo, yanapelekwa wapi?" Mwalimu aliitikia marahaba, akamwambia hilo halimo kwenye shairi. Hakukasirika, wala hakuwa mtu mbaya. Lakini swali lilibaki nje ya jukwaa, na lilikuwa swali la haki. Nyanda za juu za Rondo zilikuwa na mivule iliyovunwa kwa wingi katika miaka iliyofuata Vita vya Pili vya Dunia, na baadaye sehemu ya ardhi hiyo ikageuzwa shamba la miti ya kupandwa. Ngonjera ilimfundisha mtoto kusimama mbele ya watu bila kutetemeka, kupaza sauti na kutamka Kiswahili safi. Hiyo ni faida kubwa, na ingefaa wanaoibeza waikumbuke. Ila maneno yalikuwa ya wakubwa tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho.

Jioni palikuwa na redio ya muuza duka. Kipindi cha Mama na Mwana cha Radio Tanzania Dar es Salaam, kwa sauti ya Debora Mwenda, kiliwakusanya watoto wa nchi nzima mbele ya hadithi moja. Katika nyumba ambazo bibi hakuwapo tena, sauti hiyo ilishika nafasi yake.

Kusini ilikuwa na mtu wake katika tamthilia. Ebrahim Hussein alizaliwa Kilwa mwaka 1943, na Kinjeketile yake ilitoka mwaka 1969. Vijana wa Lindi waliofika sekondari waliisoma wakijua kwamba vita vya Maji Maji vilianza kwao, Julai 1905, kwa watu wa milima ya Umatumbi kung'oa pamba waliyolazimishwa kuilima. Vita vile, kabla ya mambo mengine yote, vilihusu ardhi na kinachopandwa juu yake. Lakini Kinjeketile ni mchezo wa watu wazima. Mtoto wa darasa la nne hakuwa na chake.

Waliobadilisha hali hiyo zaidi ni wanawake wawili wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Amandina Lihamba na Penina Muhando, ambaye pia huandika kwa jina la Mlama. Wote ni waandishi wa tamthilia, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 wao na wenzao walitoka chuoni kwenda vijijini: Malya mkoani Mwanza, kisha Bagamoyo na Msoga, kisha Mkambalani mkoani Morogoro. Hawakwenda na mchezo ulioandikwa tayari. Walikaa na wanakijiji, wakauliza ni nini kinachowasumbua, wakatafuta pamoja nao chanzo chake, na ndipo wanakijiji wakatengeneza onyesho kwa ngoma zao wenyewe. Baada ya onyesho mjadala uliendelea palepale uwanjani. Malya, kwa mfano, jambo lililoibuka lilikuwa mimba za wanafunzi, na wakubwa walilazimika kulijadili hadharani. Mlama alieleza kazi hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1991 kuhusu utamaduni na maendeleo.

Njia hiyo waliileta kwa watoto kupitia mradi wa sanaa za maonyesho za watoto, wenye mafunzo shuleni na matamasha. Mwaka 1992 Lihamba alichapisha tamthilia ya Mkutano wa Pili wa Ndege. Jina lake linamkumbusha msomaji shairi la kale la Attar wa Nishapur, lakini ndege wake wanaongea Kiswahili. Mwaka 1996 ukaja mpango wa Tuseme katika shule za sekondari, ulioanza kwa ajili ya wasichana na baadaye kuenezwa katika nchi kadhaa za Afrika kupitia shirika la FAWE. Wanafunzi wanataja kinachowazuia kusoma, wanachambua sababu, wanaigiza mbele ya walimu na wazazi, kisha wanadai hatua zichukuliwe.

Mwalimu aliyelelewa na ngonjera alihitaji muda kuizoea njia hii. Mwandishi alipoijaribu kwa mara ya kwanza, aliwauliza wanafunzi wake ni nini kinachoharibika kijijini, akitegemea wataje miti. Wakataja kisima. Wakaeleza nani analima ukingoni mwa maji, wakawaigiza watu hao kwa mwendo na sauti zao hadi kila mzazi akawatambua. Mzee mmoja alisimama akasema, "Wajukuu zangu, mmeniona." Hakuna beti za mwalimu ambazo zingeweza kufika hapo.

Miaka hiyo hiyo ya 1990 kusini nzima ilikuwa inajifunza kumsikiliza aliye chini. Programu ya RIPS, iliyofadhiliwa na Finland katika mikoa ya Lindi na Mtwara, iliwapa wavuvi nafasi ya kusema wenyewe mbele ya kamera za video, na uvuvi wa baruti ukaanza kujadiliwa na wale wanaoishi na madhara yake. Kwa misitu, Sheria ya mwaka 2002 ilifungua mlango wa vijiji kumiliki hifadhi zao. Wilayani Kilwa shirika la MCDI lilisaidia vijiji vya Kikole na Kisangi, na mwaka 2009 misitu yao ya mpingo ikapata cheti cha kimataifa cha FSC, cha kwanza Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na jamii. Mtoto wa Kikole anaweza kuigiza mchezo kuhusu mpingo akijua mti huo una mwenyewe, na mwenyewe ni kijiji chake.

Vitabu navyo vilikuwa vinasogea. Kwa miaka mingi uchapishaji wa vitabu vya shule ulikuwa mikononi mwa serikali, na ulipozorota watoto walibaki na nakala zilizochakaa. Mwaka 1991 sera ilibadilika na wachapishaji binafsi wakaruhusiwa. Mwaka huo huo ulianza Mradi wa Vitabu vya Watoto, kwa msaada wa shirika la CODE la Kanada, ambao ulinunua sehemu ya nakala za kila kitabu ulichokikubali na kuzipeleka kwenye maktaba za shule za msingi. Elieshi Lema, mwandishi wa Safari ya Prospa na mmoja wa waanzilishi wa E&D, ni wa kizazi hicho cha waandishi walioamua kwamba mtoto wa Kitanzania asomee mambo yake kwa lugha yake. Ndiyo maana Dinosaria wa Tendaguru kilipata mchapishaji.

Kitabu hicho kilikuja na historia nzito. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba Tendaguru mifupa yenye uzito wa zaidi ya tani 200. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, na mamia ya watu wa kusini walichimba, wakafunga mizigo na kuibeba vichwani kwa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Mnyama mkubwa kuliko wote alisimamishwa katika jumba la makumbusho la Berlin mwaka 1937, na yuko huko hadi sasa, kimo chake zaidi ya mita 13. Mwaka 2007 wanasayansi walimpa dinosaria mwingine wa Tendaguru jina la Australodocus bohetii, kwa heshima ya Boheti.

Mwandishi alikisoma kitabu kwa sauti mbele ya watoto wa Rutamba. Walitaka kuona picha kwanza. Kisha mmoja akauliza mifupa iko wapi sasa, mwingine akauliza itarudi lini, na wa tatu, msichana mdogo, akauliza waliobeba walilipwa shilingi ngapi. Siku zilizofuata waligawana sehemu za msafara, mizigo wakaitengeneza kwa magunia na majani ya mnazi, wakatembea kuzunguka uwanja wa shule wakiimba wimbo waliotunga wenyewe. Kitabu kilikuwa kimegeuka mchezo bila mtu kuamuru.

Wapo waandishi waliojua mapema kwamba kitabu na jukwaa huenda pamoja. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe aliyewaandikia watoto vitabu kadhaa na kuanzisha Roots & Shoots pamoja na wanafunzi wachache jijini Dar es Salaam mwaka 1991, alikuwa akipanda jukwaani popote duniani na kuwasalimu watu kwa mlio wa sokwe wa Gombe kabla ya kusema neno lingine. Alifanya hivyo hadi uzeeni, na mauti yalimkuta California tarehe 1 Oktoba 2025, akiwa katika ziara ya mihadhara, na umri wa miaka 91.

Rutamba ina mnyama wake wa kupeleka jukwaani. Jirani na ziwa la hapo upo msitu wa hifadhi wa Litipo, wenye karibu hekta 1,000, na ndani yake anaishi komba wa Rondo, mwenye uzito wa gramu 60 hivi, mdogo kuliko komba wengine wote wanaojulikana. Vielelezo vyake vilikusanywa tangu miaka ya 1950, lakini jina lake la kisayansi lilitolewa mwaka 1997 tu. Anapatikana katika vipande vichache vya misitu ya pwani ya Tanzania na hapana pengine duniani, na amewahi kuwekwa katika orodha ya nyani na jamaa zao 25 walio hatarini zaidi kutoweka. Watoto wa Rutamba wanazijua sauti za komba usiku na wanaziiga vizuri. Wazee wanayajua kwa Kimwera majina ya miti anayolala, na wazee hao wanapungua kila mwaka.

Mnyama huyu anastahili kitabu cha Kiswahili chenye picha nzuri, na mchezo utakaoigizwa hapo hapo Rutamba kabla ya kupelekwa Lindi mjini na Kilwa Masoko. Waandishi wa vitabu vya watoto na wachapishaji wa Dar es Salaam waje wakati wazee wangali hai. Barabara ipo, shule zipo. Wakifika, kabla ya kusoma walichokiandika, wawaache watoto waulize kwanza.