Chumba cha Baba, Digrii 25

Kwa miezi minne niliendesha kiyoyozi cha Tanga nikiwa nimejilaza kitandani kwangu Dar es Salaam. Nisidanganye, niliona fahari. Niliwaonyesha hata wenzangu kwenye chumba cha habari: hiki hapa ni chumba cha Baba, sasa hivi kiko digrii 25, feni taratibu. Mmoja akasema, "Dada, wewe umeendelea." Nikacheka, lakini moyoni nikakubali.

Baba alipata kiharusi. Upande wa kulia ulilegea na maneno yakaondoka nao. Likabaki moja tu, "ndiyo". Ukimuuliza kama anasikia joto, ndiyo. Ukimuuliza kama anasikia baridi, ndiyo, kwa sauti ileile na adabu ileile. Daktari alitueleza kwamba kuelewa anaelewa, ila neno linatoka lenyewe kabla hajalichagua. Na huyu ni mtu aliyefundisha jiografia sekondari kwa zaidi ya miaka thelathini. Alikuwa anaweza kukusimamisha barazani akakueleza kaskazi inatoka wapi na kusi inaanza lini, hata kama amekuona kabisa unakimbilia daladala.

Kiyoyozi tulikinunua kwa sababu ya joto la Januari na Februari, ambalo kwa mtu asiyeweza kujigeuza kitandani ni adhabu. Rimoti ikawa ya Mama. Usiku aliamka mara tatu, mara nne, anamgusa Baba shingoni, anabonyeza, anarudi chumba cha pili kulala. Mama naye si kijana. Siku moja nilimkuta amesinzia na ungo wa mchele mapajani, mchele wenyewe haujachambuliwa hata nusu. Hapo ndipo nikasema, hili naliweza.

Kazi yenyewe si kubwa kama inavyosikika. Nilitafuta Raspberry Pi, kompyuta ndogo inayoenea kiganjani, nikaiwekea Home Assistant, programu ya bure ambayo watu huitumia kuunganisha taa, vipimajoto, mageti na chochote kile cha nyumbani. Halafu nikanunua kiboksi cha kupachika ukutani, kazi yake ni kutuma mwanga wa infraredi kama rimoti inavyofanya. Mwanga huo jicho haliuoni. (Ukitaka kuuona, elekeza rimoti kwenye kamera ya simu kisha bonyeza. Kwenye simu nyingi utaona kitaa kinawaka zambarau. Nilimwonyesha Baba, akatabasamu upande mmoja.)

Nilikosea mwanzoni kabisa. Nilikifundisha kiboksi kitufe cha kuongeza na cha kupunguza, kama ambavyo ungefanya kwa televisheni. Nikabonyeza "ongeza" mara tatu, namba haikusogea zaidi ya hatua moja. Kumbe rimoti ya televisheni hutuma neno moja tu, ongeza, lakini ya kiyoyozi kila unapoibonyeza hutuma sentensi nzima: washa, baridisha, digrii 25, feni taratibu. Namba unayoiona kwenye kioo cha rimoti inatunzwa na rimoti yenyewe. Kwa hiyo nilichokuwa nimerekodi si "ongeza", ni "kaa 25", na nilikuwa nakirudia mara tatu kama mtu asiyesikia.

Nikarekebisha, nikarekodi kila digrii peke yake. Sikujiuliza swali la pili, ambalo ndilo lilikuwa kubwa: kiyoyozi kinajibu nini? Hakijibu. Rimoti inasema, kiyoyozi kinasikia kama kimesikia, basi. Labda kitatoa mlio mdogo, na huo atausikia aliyemo chumbani. Kile nilichokuwa nakitazama kwenye simu yangu hakikuwa hali ya chumba cha Baba. Kilikuwa kumbukumbu ya amri yangu ya mwisho.

"Mama, sasa lala," nilimwambia kwenye simu. "Mimi naangalia."

Akalala. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kwamba alinisikiliza.

Usiku mmoja wa Februari umeme ulikatika saa tano, ukarudi saa saba. Kuna viyoyozi vinavyojiwasha vyenyewe umeme ukirudi. Chetu hakikuwa na tabia hiyo. Ruta ikawaka, Raspberry Pi ikawaka, programu ikarudia ilichokuwa inakijua kabla ya giza: kimewashwa, digrii 25. Niliamka saa tisa kunywa maji, nikachungulia simu, nikaona 25, nikarudi kulala kwa amani. Kule Tanga dirisha limefungwa ili baridi isitoke, pazia limeshushwa, na pangaboi tulishaacha kulitumia. Lile pangaboi la zamani, lenye swichi ya kuzungusha, lingeendelea lenyewe pale lilipoishia bila kumuuliza mtu.

Asubuhi Mama alikuta shuka limelowa na midomo ya Baba imekauka hadi imepasuka. Alimnywesha maji kwa kijiko mpaka saa nne. Aliponipigia hakunilaumu. Alisema tu, "Mwanangu, huku kilizimika."

Huku. Nilibaki na hilo neno siku nzima, nikihariri habari ya mtu mwingine.

Kuna hadithi fupi ya Ray Bradbury, "There Will Come Soft Rains", ilitoka mwaka 1950, ambayo wengi mtakuwa mmeisoma. Nyumba inayojiendesha inapika kifungua kinywa, inasafisha, inatangaza saa, na wenye nyumba wote wameshakufa kwa bomu. Mwanzoni nilipoisoma, chuoni, nilishika yale maafa. Baada ya usiku ule nilikumbuka kitu kingine: jioni nyumba inamuuliza mama mwenye nyumba angependa kusomewa shairi gani. Hajibu. Basi nyumba inamchagulia. Haina hasira wala ubaya. Haikupata jibu, ikaendelea na kazi. Mimi nilikuwa nimemchagulia Baba 25 kwa utaratibu uleule. Niliipata wapi 25? Ndiyo ninayoipenda mimi.

Na nikiwa hapo hapo, mashine hizi hazikuanza kwa ajili yetu hata kidogo. Mtambo wa Willis Carrier wa mwaka 1902, unaohesabiwa kuwa mwanzo wa kiyoyozi cha kisasa, ulibuniwa kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji Brooklyn. Karatasi zilikuwa zinavuta unyevu, zinatanuka, na rangi zinashindwa kukaa mahali pake. Sisi wa magazeti tungepaswa kulijua hili. Kiyoyozi kilianza kwa kumhudumia mteja asiyesema anasikiaje.

Nilipanda basi kwenda Tanga na begi la vifaa. Nikaweka kipimajoto kwenye meza ya pembeni ya kitanda, mbali na upepo wa kiyoyozi, kinachosema chumba kiko digrii ngapi kweli. Fundi umeme akafunga kwenye waya wa kiyoyozi kibanio kinachopima umeme unaopita, ili kompresa ikilala nijue imelala. Sasa nikituma amri na umeme usiongezeke, simu inapiga kelele. Nikamwambia Mama kwa kiburi kidogo kwamba sasa mashine inajibu.

Mama alikuwa anamkunja Baba mkono. Akasema, "Na mwenyewe je? Kwa nini asibonyeze yeye?"

Rimoti ya kiyoyozi ina vitufe vidogo kama punje za mahindi, nusu yake havina kazi. Baba asingeweza. Lakini vipo vitufe vikubwa visivyo na waya, vya betri ya saa, ambavyo unaviambia wewe vimaanishe nini. Nilipata viwili. Mama akavigandisha kwenye kibao chake cha zamani cha kusukumia chapati, kimoja akakizungushia kitambaa cha bluu, kingine chekundu, akakiweka upande wa kushoto wa kitanda. Bluu, digrii moja chini. Nyekundu, digrii moja juu. Mara ya kwanza Baba alibonyeza bluu, kiyoyozi kikalia, akabonyeza tena, kikalia. Akatutazama. Alienda hadi 18, akarudi hadi 27, akashuka tena. Mama akajifunika kanga mbili na kusema mwalimu ameanza vurugu. Mimi nilitoka nje kidogo.

Kila kitufe kinapobonyezwa programu inaandika saa na dakika. Nilirudi Dar, nikawa naisoma ile orodha asubuhi kama watu wanavyosoma meseji. 02:14, bluu. 02:15, bluu. 04:50, nyekundu. Anapenda 23 usiku wa manane, baridi kuliko nilivyowahi kumpa, na karibu na alfajiri anapandisha mwenyewe.

Kilichonisumbua ni jioni. Kila siku, baada ya saa kumi na mbili, nyekundu, nyekundu, nyekundu, mpaka 30, ambapo kiyoyozi hakina tena pa kwenda. Chumba kikawa kinapanda joto, yeye anaendelea kubonyeza. Nilidhani mkono unamchezea. Nikafikiria hata kuweka kikomo, asipite 27, ni mistari miwili tu ya kuandika. Nikampigia Mama kumwambia.

"Subiri kwanza," alisema. Nikasikia ndala zake, halafu mlio wa komeo. Alifungua dirisha la upande wa bahari. Baada ya muda akarudi kwenye simu. "Ameacha," alisema. "Ameweka mkono tumboni, anatazama pazia."

Alikuwa anajaribu kukizima. Sikumpa kitufe cha kuzima, kwa sababu haikunijia kwamba angetaka.

Sasa dirishani kuna sumaku ndogo. Likifunguliwa, kiyoyozi kinazimika. Likifungwa, kinasubiri dakika tatu, maana kompresa haipendi kuharakishwa, kisha kinawaka kwenye namba aliyoiacha Baba. Mama bado anaamka usiku, mara moja hivi, anasema ni mazoea. Kwenye simu yangu nimefuta vitufe vyote vya chumba kile. Nimebakiza kipimajoto na orodha. Jana dirisha lilifunguliwa 18:20, likafungwa 21:05. Saa 21:09, bluu. Saa 21:10, bluu tena.