Mita Kumi za Bibi

Nilipokuwa mtoto Nyundo, Rwanda, mto Sebeya ulikuwa umepakana na mashamba moja kwa moja. Maharage ya bibi yaliishia pale maji yalipoanzia, na kila masika mistari ya mwisho ilichukuliwa na mto. Alipanda tena. Udongo wa kando ya maji ndio uliokuwa na rutuba kuliko wote aliokuwa nao, na bonde zima lililima hivyo.

Watu wa pwani hulitazama tishio la maji likitoka mbele, baharini. Kwetu katika wilaya ya Rubavu ziwa Kivu liko mbele, lakini maji ya kuogopwa hutoka nyuma, mlimani. Sebeya huanzia milima ya Rutsiro, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kuingia Kivu penye mita 1,460. Mvua ikinyesha huko juu, haichukui muda kutufikia.

Wazee walisimulia kwamba zamani haikuwa hivyo, kwa sababu Gishwati ulikuwa msitu kweli. Miaka ya 1970 ulikuwa na hekta zipatazo 28,000. Ukakatwa kwa ajili ya malisho na misonobari miaka ya 1980, kisha baada ya 1994 wakimbizi waliorudi nchini wakakaa humo wakalima, maana walihitaji mahali pa kuishi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilibaki hekta kama 600. Mimi niliukuta mto tayari mwekundu kwa udongo.

Ndipo mianzi ikaja. Sheria ilitaka mita 10 za kingo za mito mikubwa ziachwe bila kulimwa, na kuanzia 2019 mradi wa bonde la Sebeya, kwa fedha za Uholanzi na kwa kazi ya shirika la uhifadhi la IUCN pamoja na Bodi ya Rasilimali za Maji ya Rwanda, ulileta miche, matuta ya ngazi na miti ya kuchanganya na mazao. Bibi alimsikiliza bwana shamba mpaka mwisho, kisha akamuuliza, "Mwanangu, mianzi hiyo italiwa na nani?" Bado naliona swali hilo kuwa zito kuliko maelezo yote ya kitaalamu niliyoyasikia baadaye. Mita kumi kwake zilikuwa chakula. Alikubali walipoongeza matete ya kulishia ng'ombe.

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 Sebeya ulifurika. Nchini kote walikufa zaidi ya watu 130, wengi wao katika mikoa ya Magharibi na Kaskazini, na Rubavu ilikuwa kati ya wilaya zilizoumia zaidi. Maji yalipopungua nilitembea kandokando ya mto, tope likinifika magotini. Mianzi iliyokomaa ilikuwa imelala kifudifudi, lakini mizizi yake ilishika na ukingo ulikuwepo. Ile michanga ilikwenda na udongo wake. Na nyuma ya mianzi iliyoshika, nyumba zilikuwa zimeingiliwa na maji vilevile.

Mizizi hufunga ukingo. Haipunguzi maji yanayoshuka. Hayo hupunguzwa juu, kwenye matuta, kwenye miti, na kwenye msitu wa Gishwati, ambao pamoja na ule wa Mukura ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2015. Mikoko ya pwani nayo iko hivyo: mstari mmoja wa miti hauvunji wimbi, unahitajika msitu mpana. Kwa hiyo simlaumu anayejenga ukuta wa mawe kando ya Sebeya. Ninachohofia ni ukuta kufanywa sababu ya kuisahau milima.

Gazi, pwani ya Kenya, wanakijiji wa mradi wa Mikoko Pamoja wamekuwa wakilinda mikoko na kuuza hewa ya ukaa tangu 2013, na fedha hizo zimewaletea maji na kusaidia shule. Nawaza hilo kila ninapopanda kwenda Rutsiro. Mkulima wa huko hulipwa ujira wa kuchimba matuta, kazi inaisha, fedha zinaisha. Lakini matuta hubomoka, na kuyakarabati ni jasho la kila msimu, kwenye shamba ambalo tayari limepoteza nafasi. Anayefaidika ni mtu wa Nyundo anayelala mvua ikinyesha. Nataka mkulima yule alipwe kila mwaka, kama mlinzi anavyolipwa, na sisi wa bondeni tuwe miongoni mwa wanaomlipa.