Magari Makubwa ya Wadi Kabir

Mwishoni mwa miaka ya 1980, jamaa zetu wa Muscat waliotokea Unguja, Pemba na Mombasa walikuwa na ndoto moja ya gari, nayo ilikuwa Chevrolet Caprice. Aliyeikosa alitafuta Ford Crown Victoria au ndugu yake Mercury Grand Marquis. Yalikuwa magari ya Kimarekani, marefu, yenye injini ya silinda nane na nafasi ya kukaa familia nzima, na petroli haikuwa ikimuumiza mtu kichwa. Ami yangu alikuwa na gereji Wadi Kabir, na hapo ndipo nilipojifunza kazi. Tangu siku hizo nimeyatazama magari hayo kutokea chini, na huko chini ndiko mabadiliko yake yanakoonekana. Juu walibadilisha taa na sura ili wauze. Chini, kitu kikibadilika, mtu alikuwa amekaa akapiga hesabu.

Kazi iliyonifungua macho ni ile ya kubadilisha mipira ya bodi. Caprice ya siku hizo ilikuwa vitu viwili vilivyofungwa pamoja: chesisi inayobeba injini, gia boksi, difu na magurudumu, na bodi iliyokalishwa juu yake. Kila boliti iliyoshika bodi ilipita katikati ya mpira mzito. Tulilegeza boliti za upande mmoja, tukaweka kipande cha ubao juu ya jeki, tukainua bodi taratibu mpaka mpira wa zamani ukachomoka, umebonyea, umepasuka ukingoni, umejaa mchanga wa miaka. Pale ulipokuwa nikaona mwanga unapenya kutoka upande wa pili wa gari. Bodi ilikuwa haigusi chesisi mahali popote ila kwenye mipira ile. Ami akainama karibu yangu, akagonga chesisi kwa spana. "Mwanangu, barabara inaishia hapa. Aliyekaa ndani anapata kilichobaki."

Wateja walikuwa na imani yao, kwamba chesisi ndiyo nguvu ya gari na gari lenye chesisi haliui mtu. Ukweli ni kwamba chesisi ya Caprice ilikuwa na ulaini wa makusudi. Vyuma vyake viwili vikuu vilizunguka nje ya sakafu ya abiria, vikajipinda kuingia ndani mbele na nyuma, na kwenye zile kona nne ndipo iliporuhusiwa kunyumbuka. Ugumu mwingi ulikuwa kwenye bodi. Chesisi ya namna hiyo Chevrolet waliileta kwenye magari yao makubwa mwaka 1965, kwa sababu sakafu iliweza kushuka katikati ya vyuma na gari likawa la chini bila abiria kugonga kichwa. Kabla ya hapo, kuanzia 1958, walitumia chesisi yenye umbo la herufi X: vyuma viwili vinakutana katikati ya gari kisha vinaachana tena, na ubavuni mwa abiria hakuna kitu.

Mwaka 2009 taasisi ya makampuni ya bima ya Marekani inayochunguza usalama barabarani iligonganisha Bel Air ya 1959, yenye chesisi hiyo ya X, na Malibu ya 2009 isiyo na chesisi kabisa. Sehemu ya dereva ya Bel Air ikaporomoka, usukani ukasukumwa ndani. Ile ya Malibu ikabaki na umbo lake. Filamu ya jaribio hilo niliihifadhi kwenye simu, na mzee akianza kuniambia kwamba magari ya zamani yalikuwa chuma kitupu, namwonyesha. Nayapenda magari yale kuliko wengi wanaoyasifu, na ndiyo maana sitaki yasifiwe kwa jambo ambalo hayakuwa nalo.

Sifa halisi ya magari yale ilikuwa utulivu, na utulivu una historia ya kabla ya Caprice. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Mwingereza mmoja, Maurice Olley, alihama kutoka Rolls-Royce kwenda Cadillac. Alichukua gari kubwa la abiria saba, akalifunga mizigo ya chuma inayoweza kusogezwa mbele na nyuma, akawapakia watu na kuwauliza wanasikiaje. Zamani springi za mbele zilikuwa ngumu kuliko za nyuma. Olley akageuza, mbele zikawa laini. Sababu yake ni nzuri mno. Tuta linaanza na gurudumu la mbele, la nyuma linalifikia baadaye kidogo. Nyuma ikiwa inapanda na kushuka kwa kasi zaidi, inaiwahi mbele, na gari zima linarudi sawasawa badala ya kunesa pua na mkia kwa zamu. Ila springi laini mbele hazikuwezekana na ekseli moja iliyounganisha magurudumu mawili, kwa hiyo kuanzia 1934 magari ya General Motors yakaanza kuwa na magurudumu ya mbele yanayojitegemea, kila moja na mikono yake.

Mimi hesabu hiyo niliisikia mwilini kabla ya kuisoma. Barabara za Oman zina mahali ambapo lami inashuka ndani ya wadi, yaani bonde la maji ya mvua, badala ya kuvuka darajani, na nguzo za pembeni zinaonyesha kina cha maji mvua inaponyesha. Kwenda Sur kwa njia ya Ibra ulikutana na miteremko hiyo mmoja baada ya mwingine. Caprice iliinama, ikainuka mara moja, ikatulia. Bibi aliyekaa nyuma hakukatiza hadithi yake.

Tatizo lilikuwa kwenye kona. Nyuma ya Caprice kulikuwa na ekseli nzima, difu katikati, imebebwa na springi mbili za koili. Springi ya koili inajua kubeba tu, haijui kuzuia ekseli isiende pembeni. Kazi hiyo ilipewa mikono minne: miwili ya chini iliyonyooka, na miwili ya juu iliyokaa mshazari. Ule mshazari ndio ulioshika gari lisihame kulia wala kushoto, na bushi zake zilitakiwa kubonyea na kujipinda kwa pamoja. Kwenye kona zenye mashimo za Sumail, gari lenye bushi zilizochoka lilitupa mkia, na ulikuwa unalirudisha kwa usukani huku abiria wanashika viti. General Motors walilipunguza gari hilo urefu na uzito mwaka 1977, kisha mwaka 1991 wakalivisha bodi mpya ya mviringo, na breki zisizofunga magurudumu zikawa za kawaida. Lakini nilipolala chini ya ile ya 1991 nilikuta mifupa ileile ya 1977. Sikusikitika. Mipira, bushi na mikono nilivijua vyote.

Waliofanya kazi chini ya gari ni Ford. Crown Victoria ya 1998 iliingia gerejini kwetu ikiwa bado mpya, imepigwa jiwe wadini, na nyuma ya difu yake nikakuta kitu ambacho sikuwahi kukiona. Mikono minne ya zamani ilikuwepo, ila sasa ilikaa sambamba. Kazi ya kushika pembeni zilipewa fimbo mbili za kulala, moja kutoka kila upande wa chesisi, zinazokutana kwenye kipande cha chuma kinachozunguka juu ya msumari wake nyuma ya difu. Nilimwomba mwenzangu apandishe jeki kidogo nami nikiwa chini na tochi. Ekseli ikapanda, fimbo moja ikavuta, nyingine ikasukuma, kile kipande kikazunguka kiasi, na difu likapanda wima bila kuhama hata kidogo. Nikamwambia ashushe, apandishe tena. Mpangilio huo James Watt aliuwekea hataza mwaka 1784 kwa ajili ya injini ya mvuke, ili fimbo ya pistoni iende moja kwa moja. Miaka zaidi ya mia mbili baadaye ukatumika kumshika Mmarekani mrefu asitupe mkia, na ulimshika kweli.

Mwaka 2003 Ford waliibadilisha na chesisi yenyewe. Vyuma vyake vya mbele vilitengenezwa kwa kuingiza maji yenye msukumo mkubwa ndani ya bomba lililofungiwa kwenye kalibu, mpaka bomba likatanuka na kushika umbo. Stelingi ya boksi, ile iliyolegea katikati hata ikiwa mpya, ikaondoka, ikaja ya raki. Shokapu za nyuma zikahamishwa kutoka ndani ya chesisi zikawekwa nje, karibu na magurudumu, zikapata nguvu zaidi ya kuzuia mtikisiko. Kwa macho ya mpita njia lilikuwa gari lilelile. Kwa aliyelishika usukani baada ya kuzoea la zamani, lilikuwa limekuwa la kijana. Nilitamani Chevrolet nao wangefanya hivyo, lakini wao walikwisha acha: Caprice ya chesisi ilimalizika kutengenezwa Arlington, Texas, mwaka 1996, na kiwanda kikageuzwa cha magari makubwa ya juu.

Jina likarudi Ghuba mwaka 1999 juu ya gari jingine kabisa, la Holden wa Australia, lililowekewa usukani kushoto na nembo ya Chevrolet. Chesisi hakuna. Bodi yenyewe ndiyo inabeba kila kitu. Nyuma ekseli nzima imeondoka, difu limefungwa mahali pake, na kila gurudumu linapanda na kushuka peke yake. Wateja wazee walikuja wakaligonga mlango kwa vidole, wakatikisa vichwa. Ami hakusema kitu mpaka alipoliendesha mwenyewe Sumail. Kwenye kona iliyokuwa na shimo upande wa ndani, gurudumu moja likaingia na kutoka, na lile la pili halikupata habari. Hapo ndipo nilipoona wazi kwamba starehe ilikuwa imehama. Zamani ilitokana na uzito wa chuma na mipira chini ya bodi, sasa inatokana na mahali mikono iliposhikiliwa. Hata mipira yenyewe ilikuwepo bado. Niliikuta nyuma, katikati ya bodi na ule mhimili unaobeba difu na mikono, inafanya kazi ileile ya kuzuia kelele za barabara zisipande.

Kilichoondoka ni kitu kingine, na hicho kinaniuma. Chesisi ya zamani ikipinda kwenye ajali, tulikuwa na timazi, chaki na futi ya kamba. Unaning'iniza timazi kutoka kwenye tundu la chesisi, unatia alama sakafuni, unafanya hivyo kwenye matundu yote, unasogeza gari, kisha unapima kona hadi kona. Mistari miwili ya mshazari ikilingana, chesisi imenyooka. Isipolingana unafunga mnyororo na kuvuta, unapima tena. Kijana asiyesoma sana aliweza kulirudisha gari barabarani salama. Bodi inayojibeba haitaki hivyo. Vipimo vyake ni vya juu, chini na pembeni kwa pamoja, inataka meza maalumu, na vyuma vyake vigumu ukivipasha moto kwa kuchomelea ili uvinyooshe, vinapoteza ule ugumu uliowalinda abiria. Nimeona gari lililonyooshwa kwa moto likarudi kwenye ajali ya pili, na sehemu iliyopikwa ndiyo iliyokunjika kwanza. Tangu hapo kazi hizo nazikataa, nazipeleka kwa wenye vifaa.

Crown Victoria ya mwisho ilitoka kiwanda cha St. Thomas, Kanada, tarehe 15 Septemba 2011, ikielekea Saudi Arabia. Holden walifunga kiwanda chao cha Elizabeth Oktoba 2017. Ami hakuiona siku hiyo, Mungu amrehemu.

Caprice za miaka ya 1990 bado zinakuja kwangu, nyingi sasa zikiwa za vijana waliorithi kwa babu zao na kuzipenda kwa dhati. Wanakuja na bushi za plastiki ngumu walizoagiza mtandaoni, wanataka niwafungie zote nyuma ili gari lisitupe mkia. Mikono ya chini nakubali. Ya juu nakataa, kwa sababu ile iliyokaa mshazari inaishi kwa kujipinda, na bushi isiyopinda inaifanya ekseli ikwame, gari linakuwa gumu kwenye shimo na mabano ya mikono yanaanza kupasuka kwenye chesisi. Kijana mmoja alibisha sana, akasema mpira ni mambo ya kizamani. Nikamlaza chini ya gari, nikampa tochi, nikapandisha jeki upande mmoja tu, nikamwambia atazame bushi ya juu inavyofanya. Aliagiza za mpira.