Mizimu ya Mengo

Vijana wetu hapa kambini, ukiwaambia mnakwenda kuona historia, wanapiga miayo. Ukiwaambia mnakwenda mahali penye mizimu, basi linajaa kabla jua halijachomoza. Mimi ndiye niliyewadanganya hivyo, nakiri.

Tulikwenda Kampala, kwenye kilima cha Mengo, jumba la Kabaka. Mwaka 1966 jeshi la serikali lilivamia jumba hilo, Kabaka Mutesa wa Pili akatoroka kupitia Burundi, akafia London mwaka 1969. (Hata mfalme anaweza kuwa mkimbizi, tulitaniana njiani.) Lakini kilichotupeleka si jumba. Ndani ya uwanja uleule kuna handaki la zege. Lilijengwa liwe ghala la silaha, na enzi za Idi Amin, 1971 hadi 1979, likawa jela. Korido ndefu yenye giza, vyumba viko upande mmoja, hakuna dirisha. Mwongozaji alisema korido ilijazwa maji yenye umeme ili mfungwa asithubutu kutoka. Ukutani kuna alama za viganja na maandishi ya waliofungiwa humo. Na usiku, ati, kunasikika vilio.

Vijana wakatoa simu, wakapiga picha. Mmoja akalia kama mzimu, wote wakacheka. Na mimi nilicheka.

Kijana mmoja wa miaka kumi na saba alibaki nje. Nikamfuata. "Ingia tu, hakuna mizimu humu."

"Yaya, mimi siogopi mizimu," akasema. "Nilishakaa kwenye shimo kama hili."

Siku tisa, kule nyumbani, kabla hajavuka mpaka. Sikumwuliza kitu, aliongea mwenyewe huku anaangalia majani. Usiku walikuwa wanagonga ukuta ili kujua nani bado yuko hai. Watu wa kijiji walisikia. Baadaye, alipotoka, akakuta wanasema pale mahali pana mizimu, mtu asipite.

Nilikaa chini palepale kwenye nyasi. Maana shule yetu ya msingi nayo wenye silaha waliichukua, nikiwa na miaka minane, na watu wakasema usiku inalia. Mama alikuwa anatupitisha njia ya mbali, ya mtoni, tukitoka shamba. Tulikuwa tunakimbia, tumeziba masikio. Mwaka uleule baba mdogo alikwenda sokoni hakurudi.

Sijampigia Mama kumwuliza. Nimeshika simu mara mbili, nikaiweka.

Jumamosi kikundi kinakutana, na vijana wameomba hadithi nyingine ya mizimu. Yule kijana amesema safari hii atasimulia yeye. Nimemwambia sawa, na kwamba nitaketi karibu naye, akitaka kuishia katikati aishie tu.