Kupotea na Kupotezwa: Madaftari ya Haki Kusini mwa Pwani

Mwanafunzi yeyote wa Kiswahili aliyewahi kuketi katika darasa la mofolojia amepata kuombwa kunyambua kitenzi. Hupewa mzizi, akaupachika viambishi, akapata poteza, potezea, potezwa. Kisha akapewa alama zake akaenda zake. Mimi pia nimelifanya zoezi hilo mara nyingi. Kwamba tofauti iliyopo baina ya kupotea na kupotezwa yaweza kuamua iwapo faili la mtu litafunguliwa au litafungwa, hilo sikulipata darasani. Nilifundishwa na watu wasio na shahada, katika kazi isiyo na mshahara, kati ya Ukunda na Msambweni.

Katika miji mingi ya Marekani kuna tume za haki za binadamu za mji, ambazo wajumbe wake ni raia wa kawaida wanaoteuliwa na meya au baraza la mji wahudumu bila malipo. Kwale haina tume ya namna hiyo, wala si jiji. Nchini tunayo Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2002 na kuanza kazi mwaka 2003. Tunayo pia mashirika kama MUHURI, lililoanzishwa Mombasa mwaka 1997, na HURIA, ambalo makao yake ni huku Ukunda. Lakini chini ya tume na mashirika, mahali ambapo barabara ya lami imekwisha na mnazi umeanza, kuna watu ambao hawakuteuliwa na yeyote isipokuwa jirani zao: mwalimu mstaafu, ustadhi wa madrasa, mama auzaye mahamri alfajiri, kijana wa bodaboda. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 inawatambua wasaidizi wa kisheria waliopewa idhini. Wengi wa hawa ninaowataja hawana idhini yoyote. Wana daftari, wana simu yenye kioo kilichopasuka, na mara mojamoja wana nauli. Nilijiunga nao katika likizo ya mwaka 2021, kwa sababu walihitaji mtu mwenye mwandiko unaosomeka.

Kabla sijafika kwenye mwandiko, sina budi kusema daftari lenyewe limetoka wapi. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa na polisi sita wakauawa. Ghasia zikateremka kusini hadi Ukunda na Diani; watu wenye asili ya bara wakafukuzwa na kuuawa, nyumba na vibanda vya biashara vikateketezwa. Zaidi ya watu 100 walipoteza maisha na maelfu kwa maelfu wakahama. Kisha vikosi vya usalama vikaingia vijijini, na vijana wa Kidigo wakakamatwa na kuteswa, mwenye hatia na asiye na hatia. Tume ya Jaji Akiwumi ilisikiliza mashahidi mwaka 1998 na 1999. Watetezi wa haki wa Kenya waliandika, wa ng'ambo nao wakaandika. Baadaye ikaja Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, ambayo hadi inatoa ripoti yake mwezi Mei 2013 ilikuwa imekusanya taarifa zaidi ya 40,000 nchini kote. Ripoti hizo nilizisoma maktabani kwa Kiingereza. Mzee wa Kidigo aliyetoa ushahidi wake kwa lugha yake, au kwa Kiswahili cha kuazima, angezisoma vipi? Hata angesomewa, yamkini asingeitambua sauti yake.

Duru nyingine ya misiba ilianza katika muongo uliofuata, wakati wa vita dhidi ya ugaidi. Mwezi Septemba 2015 Tume ya Kitaifa ilichapisha ripoti iliyoorodhesha visa zaidi ya 120 vya ukiukaji, vikiwemo mauaji 25 nje ya sheria na watu 81 waliotoweshwa. Mwaka uliofuata Haki Africa ikatoa orodha yake ya watu 81 wa Pwani, waliouawa au waliotoweka tangu mwaka 2012, ikiwa na majina. Kwale haikukosekana katika orodha hizo. Hapo ndipo vitenzi vyangu vya darasani viliponirudia.

Mama mmoja kutoka kijiji kilicho kusini ya Msambweni alitujia akiwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa na nambari aliyopewa katika kituo kimoja cha polisi, iliyotolewa katika kile kitabu cha matukio ambacho watu wote hukiita OB. Pembeni mwa nambari, kwa kalamu ya buluu, mliandikwa kwamba mtoto amepotea. Nilianza kuinakili taarifa hiyo kama ilivyokuwa. Akaniwekea mkono juu ya daftari.

“Mwanangu wa kumzaa hakupotea,” akasema. “Apoteaye ni mtoto wa miaka minne, tena sokoni. Wangu ana miaka ishirini na sita na njia ya msikitini aijua gizani. Wamempoteza.”

Msomaji ambaye ni mwanaisimu ataona mara moja kilichotokea hapo. Katika kitenzi amepotea, kijana ndiye kiima. Hakuna mwingine katika sentensi. Ni kana kwamba alitoka mwenyewe, akazubaa, akaikosa njia. Afisa akisoma hivyo ana wajibu mmoja tu, kusubiri arudi. Ukisema amepotezwa, kiambishi cha usababishi kimekwisha kuingia na pamoja nacho kimeingia kivuli cha mtendaji, hata kama jina lake halitajwi. Mama huyu hakuridhika hata na hicho. Hakutaka hali ya kutendwa. Alitaka kiambishi wa- mwanzoni, mahali pa wazi.

Kuna umbo la tatu, nalo huniudhi zaidi. Magazeti yetu siku hizi hupenda kusema tumempoteza fulani, kwa maana kwamba amefariki. Kwa kawaida ni heshima tu ya maneno. Lakini litumie kwa kijana aliyechukuliwa mlangoni pa nyumba yao, uone lilivyo na ukatili: waliofiwa wamegeuzwa kuwa watenda. Ndio waliompoteza!

Nilitaka basi kuandika wamempoteza, nikapigia mstari. Mwalimu mstaafu anayetusimamia akanizuia. Alifundisha shule za msingi za Kwale kwa miaka mingi, na bado hushika kalamu kama ashikaye chaki. Maoni yake yalikuwa kwamba maneno ya mama yaandikwe yote, katika alama za mtajo, yasiguswe; lakini daftari lenyewe lisimtuhumu mtu kwa kiambishi. Lituhumu kwa mambo. Akaanza kuuliza, polepole, kwa Kidigo. Walikuwa wangapi? Watatu walishuka, mmoja alibaki garini. Gari la rangi gani? Jeupe. Lilikuwa na nambari? Lilikuwa nayo, ila taa zilimpiga machoni. Walivaa nini miguuni? Viatu vya buti, wote jozi moja. Walisema nini, na kwa lugha gani? Kiswahili cha bara. Walimwita kwa jina gani? Kwa jina la utani, ambalo la shuleni halifanani nalo, na ambalo hujulikana na watu wa kijijini tu. Swali hilo la mwisho lilitufanya sote tunyamaze, kwa kuwa lilimaanisha kwamba kuna jirani aliyelitoa.

Maswali hayo yalichukua saa mbili na nusu. Ukurasa ulipojaa nilielewa kwamba yeye na mama hawakuwa wakipingana. Kiambishi wa- alichokitaka mama kilikuwa sasa kina miguu minane na buti.

Majirani wawili walioona walikubali kusema, ila wakakataa kutia dole gumba. Siwalaumu. Mwezi Aprili 2015, baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, MUHURI na Haki Africa zilitiwa katika orodha ya serikali ya washukiwa wa kusaidia ugaidi na akaunti zao za benki zikafungwa. Mahakama Kuu ya Mombasa ilibidi iamue kwamba hakukuwa na ushahidi wa uhusiano huo, na mwezi Novemba mwaka huohuo ikaamuru akaunti zifunguliwe. Ikiwa mashirika yenye mawakili yalitendwa hivyo, seuze mkulima wa mihogo na jirani yake?

Jambo hili si la Kenya peke yake. Wenzetu wa Tanzania wamejipatia msemo, watu wasiojulikana, ambao ulienea mno tangu mwaka 2017. Mwezi Novemba mwaka huo mwandishi wa habari Azory Gwanda, aliyekuwa akiandika kuhusu mauaji ya Kibiti, alichukuliwa na hakuonekana tena. Mwaka 2019 Waziri wa Mambo ya Nje wa wakati huo, katika mahojiano na BBC, alimtaja kuwa miongoni mwa waliotoweka na kufa; baadaye akasema kwamba hakuthibitisha kifo chake. Pande zote mbili za kauli hiyo hazina mtendaji. Kutoweka ni kitenzi kizuri sana kwa mwenye jambo la kuficha.

Sheria yetu, kwa upande wake, ina lugha iliyo wazi. Katiba ya 2010 inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, na haki ya kuiomba mahakama iamuru mtu aletwe mbele yake ni miongoni mwa haki ambazo haziwezi kuwekewa mipaka. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2006 dhidi ya kutowesha watu Kenya iliutia saini mwaka 2007. Kuuridhia ni jambo jingine, na miaka mingi imepita saini hiyo ikiwa peke yake. Ombi la mama lilipelekwa mahakamani na wakili aliyejitolea. Jibu lilikuwa fupi: hatunaye. Mahakama haiwezi kuamuru aletwe mtu ambaye haikuthibitishwa nani anaye. Mwaka 2024, vijana wa Nairobi na miji mingine walipoanza kuchukuliwa baada ya maandamano ya mwezi Juni, na Tume ya Kitaifa ikahesabu visa 82 kufikia Desemba, nchi nzima ililishika neno kutekwa. Mama yule alinitumia ujumbe wa simu wa maneno mawili: “Mumeona sasa?”

Nisije nikamfanya msomaji adhani kwamba madaftari haya hayajapata kuzaa matunda. Wamakonde waliletwa, na wengine wakaja wenyewe, kutoka kaskazini ya Msumbiji tangu miaka ya 1930, wakafanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa ya Ramisi. Watoto na wajukuu wao walizaliwa hapahapa Kwale na bado waliitwa wageni. Bila kitambulisho hukuweza kupiga kura, kufungua akaunti ya benki, wala kusajili laini ya simu kwa jina lako. Miaka na miaka watu wa kujitolea waliandika majina, kijiji baada ya kijiji: nani alizaliwa wapi, nani alikuwa mkunga, nani alikuwa msimamizi wa shamba. Mwezi Oktoba 2016 Wamakonde walifunga safari kwenda Nairobi hadi Ikulu. Mwezi Februari 2017 wakaanza kupewa vitambulisho, na kuhesabiwa kuwa kabila la 43. Mwaka 2023 ikawa zamu ya Wapemba wa pwani yetu, wavuvi wa tangu na tangu. Wazee bado hukiita kitambulisho kipande, jina la ile karatasi ambayo mkoloni aliwalazimisha Waafrika kuivaa shingoni. Wakati wa ukoloni kipande kilikuwa mnyororo, na wajukuu wakakililia. Sijui lugha nyingine ambayo neno moja limebeba mzigo wa namna hiyo.

Nasi wa vyuoni je? Tunaisoma Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, mashairi aliyoyatunga akiwa kifungoni kati ya 1969 na 1972, tukihesabu mizani na kutafuta taswira. Ni sawa tufanye hivyo. Hata hivyo tunasahau kwamba kitabu hicho ni taarifa ya mtu aliyefungwa, iliyoandikwa na mwenyewe kwa lugha yake, bila mkalimani wala fomu ya Kiingereza. Watu wengi wa Kwale hawana bahati ya kuwa washairi. Wanategemea aliyeshika kalamu asikie vyema, na kusikia huko ni taaluma tuliyosomea sisi. Tumeandika tasnifu juu ya sauti za Kivumba na nyakati za Kichifundi. Tumewarekodi wazee wa Wasini na Funzi wakisimulia ngano, tukawashukuru kwa majani ya chai na sukari. Mzee huyohuyo akija kusema kuhusu shamba lake lililotiwa uzio, taarifa yake huandikwa na mtu anayekisia nusu ya maneno.

Tangu mwaka juzi ukurasa wa daftari letu una safu mbili. Ya kushoto ni maneno ya msemaji, kwa lahaja yake, bila kusafishwa. Ya kulia ni mambo: saa, rangi, idadi, mahali. Tafsiri ya Kiingereza hufanywa mwisho, na mtu mwingine, na huambatanishwa na nakala ya ile ya kushoto. Kazi huwa ndefu maradufu na wakili mmoja amelalamika.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu watu kumi na mmoja wanatarajiwa kuja Ukunda kutoka Vanga. Mwalimu ananiuliza kila tunapoonana kama huko chuoni hakuna hata mmoja asikiaye Kivumba. Nimemjibu kwamba wapo, na kwamba nitawauliza. Nauli ya matatu kutoka Likoni tutarudisha.