Kuipenda Nchi Siku Zisizo na Sherehe

Neno uzalendo limepita mikononi mwa watu wengi, na kama sarafu ya siku nyingi, maandishi yake yameanza kufutika. Kila tarehe 26 Aprili na kila tarehe 9 Desemba tunalisikia majukwaani. Mwenge wa Uhuru ukipita hapa kwetu Geita, vijana huvaa fulana mpya, ngoma hupigwa, na hotuba hutolewa. Sina ugomvi na sherehe hizo. Nimesimama gwaride pamoja na wanafunzi kwa miaka mingi, na hata leo wimbo wa taifa ukiimbwa husimama wima, magoti yakikubali. Lakini, ndugu msomaji, sikukuu zetu za taifa kwa mwaka hazifiki kumi. Zinabaki siku zaidi ya 350 ambazo hakuna ngoma wala jukwaa. Katika siku hizo, nchi inamdai nini mtu wa kawaida, yule asiye mbunge wala mwanajeshi?

Nilianza kulielewa swali hili mwaka 1973. Nilikuwa mwalimu kijana, chaki bado mpya mkononi, nimetoka Chuo cha Ualimu Butimba. Mwaka huo ilikuja kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni 2 nchi nzima walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasomewa vijitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo, kufyeka vichaka na kusafisha visima. Katika kikundi nilichokisimamia alikuwamo mzee mmoja aliyegoma. Alisema choo ni siri ya mtu, serikali inatafuta nini huko? Hakuna aliyemtisha. Mama mmoja aliyekaa nyuma, mtoto mgongoni, alisema kwa upole, “Baba, nyumba yako iko juu na kisima chetu kiko chini. Mvua ikinyesha, siri yako tunainywa.” Watu walicheka sana, na mzee naye akacheka. Wiki ile ile alichimba.

Nimesikia hotuba nyingi za uzalendo baada ya hapo, lakini sijasikia iliyo fupi na kamili kuliko ile. Mzee hakuambiwa aipende Tanzania. Aliambiwa akumbuke kwamba yuko juu ya kisima cha mwenzake. Na kwa kweli kila mmoja wetu yuko juu ya kisima cha mtu fulani.

Vita vya Kagera vilipokuja mwaka 1978, mambo yalikuwa rahisi kuyaona. Adui alikuwa amevuka mpaka. Vijana waliondoka, na waliobaki walitoa ng’ombe, chakula na fedha. Simpunguzii heshima hata mmoja wa wale waliokwenda, maana wapo waliokwenda na hawakurudi. Nasema tu kwamba adui wa vita ana sare, na mwisho wake hutangazwa redioni. Adui wa siku za kawaida hana sare. Mara nyingi ni jambo dogo ambalo kila mtu analifanya, na kwa kuwa kila mtu analifanya hakuna anayeliona.

Nitoe mfano wa hapa kwetu, kwenye dhahabu. Mwaka 2012 Geita ilifanywa mkoa. Kati ya sensa ya mwaka huo na ile ya 2022 idadi ya watu wake ilipanda kutoka takriban milioni 1.7 hadi karibu milioni 3. Wengi walivutwa na madini: mgodi mkubwa ulioanza kazi mwaka 2000, na zaidi ya huo, maelfu ya wachimbaji wadogo walioko kwenye maduara. Kwa miaka mingi dhahabu ya wachimbaji hawa iliuzwa gizani, ikavuka mipaka bila kuacha kitu nyuma. Mwezi Machi 2019 soko la madini lilifunguliwa hapa Geita mjini, muuzaji apimiwe kwa mizani iliyo wazi, nayo serikali ichukue mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1, viwango vilivyowekwa mwaka 2017.

Muda si mrefu baada ya hapo, mwanafunzi wangu wa zamani alikuja kunisalimu. Ana fungu lake katika duara moja. Baada ya shikamoo na marahaba, alinieleza kuwa yuko mnunuzi anayepita usiku, analipa taslimu na wala hakati chochote. “Mwalimu,” akaniambia, “sokoni katika kila shilingi mia wanachukua saba. Hizo saba nampa nani? Barabara yetu ni mashimo. Mwanangu anakaa chini darasani. Uzalendo ni wa watu walioshiba.”

Hilo si swali la kujibiwa kwa haraka. Mtu huyu hushuka futi nyingi chini ya ardhi kwa kamba, na wenzake wamefukiwa humo. Hali ya madarasa naijua kuliko yeye. Ada ilipofutwa hadi kidato cha nne mwaka 2016, watoto walifurika shuleni, jambo jema kabisa, lakini madawati hayakufurika pamoja nao. Mwalimu anayesimama mbele ya watoto 150 hafundishi, anachunga. Kwa hiyo sikumwambia kwamba anakosea kulalamika. Nilimwambia kwamba dawati analolidai linatokana na saba hizo hizo, zake na za wenzake. Nikamwuliza mkutano mkuu wa kijiji amehudhuria lini. Mkutano huo kwa sheria hukaa kila miezi mitatu, na ndipo mapato na matumizi yanaposomwa. Akasema siku za mkutano yuko duarani.

“Basi,” nikamwambia, “anayeuza usiku hawezi kuuliza mchana. Akisimama mkutanoni na kudai hesabu, mwenyekiti atamwuliza: na wewe ya kwako iko wapi?”

Hakuniahidi kitu, nami sikumdai ahadi. Lakini mkutano uliofuata alikuja. Alisimama akauliza fedha za madawati zimefikia wapi. Mwenyekiti hakufurahi. Palikuwa na manung’uniko, na mtu mmoja alisema kijana huyu anatumiwa. Hesabu zilisomwa hata hivyo, zikaonekana zina pengo, na pengo lile likajadiliwa hadi jua likazama. Wapo waliosema siku ile kwamba kuuliza hivyo hadharani ni kukosa uzalendo. Mimi naona kinyume chake. Mtu asiyeijali nyumba hajisumbui kuuliza kwa nini inavuja. Kulipa kodi bila kuuliza ni nusu ya uraia, na kuuliza bila kulipa ni nusu nyingine. Nchi inahitaji nusu zote mbili kwa mtu mmoja.

Liko pia suala la zebaki. Mchimbaji huipata dhahabu yake kwa kuichanganya na zebaki, kisha huichoma juu ya moto, mara nyingine uani kwake, watoto wakicheza karibu. Mvuke ule ni sumu, na maji ya mwalo yakimwagwa ovyo huishia mtoni. Hakuna askari anayeweza kusimama katika kila ua. Hapo inabaki dhamiri ya mtu na jirani yake, kama ilivyokuwa kwa mzee wangu wa 1973.

Nimeacha mwisho jambo zito kuliko yote, maana linaniuma. Kanda yetu hii ya Ziwa imeua watu wake. Vikongwe wameuawa kwa panga kwa kuwa macho yao ni mekundu, hali wekundu ule umetokana na miaka mingi ya moshi wa jikoni. Kuanzia mwaka 2007 hivi walianza kuwindwa watu wenye ualbino, hata watoto, kwa imani kwamba viungo vyao huleta utajiri wa dhahabu na samaki. Waliofanya hivyo walikuwa Watanzania. Waliutambua wimbo wa taifa. Pengine waliukimbilia Mwenge barabarani. Tena wauaji walikuwa wachache. Wengi zaidi walikuwa wale waliosikia mipango na kunyamaza.

Wasukuma wana yowe la hatari liitwalo mwano. Likipigwa, kila mwenye nguvu hutoka, ajue au asijue aliyepatwa ni nani. Sungusungu walioanza mwanzoni mwa miaka ya 1980 kuzuia wizi wa ng’ombe walijengwa juu ya desturi hiyo, ingawa wakati mwingine nao walipiga na kuhukumu watu bila haki. Ninajiuliza: watu wanaotoka usiku kwa ajili ya ng’ombe wanawezaje kubaki ndani kwa ajili ya bibi kizee? Kumtembelea bibi anayeanza kusengenywa, kukaa mlangoni kwake mchana kweupe ili wote waone kwamba ana watu, kumsindikiza shuleni mtoto mwenye ualbino: kazi hizi hazina nishani. Lakini taifa ni nini kama si ahadi kwamba mwenzako akipiga yowe utatoka?

Mwaka 1994 tuliona mfano wa kutisha. Miili ilielea katika mto Kagera kutoka Rwanda hadi kwenye Ziwa letu, na watu wakaogopa kula samaki. Huko nako redio ilikuwa imezungumza sana juu ya kuipenda nchi. Ilikuwa imewafundisha watu kwamba sehemu ya majirani zao si wenzao. Katika mitaa ya Geita leo wanaishi Wasukuma, Wazinza, Wasumbwa, Waha, Wahaya, Wakurya na wengine wengi, wakipanga foleni kwenye karasha moja. Amani hiyo haikuota yenyewe kama majani. Wako waliokataa kucheka mzaha wa kikabila, na mwalimu aliyewakalisha watoto bila kuuliza kabila. Hutunzwa hivyo hivyo, kila siku.

Kwa hiyo nikiulizwa nchi inamdai nini mtu wa kawaida, orodha yangu ni fupi, na haina fahari. Toa kilicho haki ya wote, kisha udai hesabu yake. Fika kazini kwa saa, hasa kama kazi yako ni watoto au wagonjwa. Usichafue maji ambayo mwingine atakunywa. Usikubali mtu atolewe katika hesabu ya watu kwa sababu ya macho yake, ngozi yake au kabila lake. Na ukisikia yowe, toka.